Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Matokeo ya Utafiti Yarudi Old Moshi

Mkulima wa kahawa wa Old Moshi anajua maana ya malipo ya pili. Akipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, hupimiwa kwenye mizani, huandikiwa stakabadhi na kupewa malipo ya awali. Kahawa hukobolewa na kuuzwa mnadani, na bei ikishajulikana mkulima husubiri kiasi kilichobaki ambacho ni haki yake. Malipo hayo yakichelewa, maswali huulizwa mkutanoni. Yasipokuja kabisa, viongozi wa chama hawapati usingizi.

Mkulima huyohuyo akilazwa mjini kwa homa, huenda akaombwa kitu kingine: mililita chache za damu kwa ajili ya utafiti. Husomewa fomu ya ridhaa, huweka saini au dole gumba, hunyoosha mkono, na damu huchukuliwa. Nauli yake hurudishwa, hushukuriwa kwa adabu, naye hurudi kwenye kihamba chake. Miaka hupita. Damu ile imezaa maarifa, maarifa yamechapishwa, waandishi wake wamepanda vyeo kwa haki. Ila mwenye damu hajaambiwa kilichoonekana ndani yake na ndani ya damu za jirani zake. Malipo ya pili hayakuja, wala hakuna aliyeyauliza.

Hoja ya makala haya ni kwamba matokeo ya utafiti wa afya ni sehemu ya tiba. Utafiti uliofanywa katika miteremko ya Kilimanjaro haujakamilika siku unapochapishwa katika jarida la kimataifa. Unakamilika siku kaya zilizotoa damu, muda na siri zao zinapoyapata matokeo kwa lugha wanayoielewa na kwa namna inayoweza kubadili jambo fulani jikoni, zizini au katika zahanati.

Homa isiyokuwa malaria

Upo mfano mmoja uliotokea Moshi kwenyewe, unaoonyesha ni kiasi gani cha faida hubaki njiani. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwaandikisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo, KCMC na Mawenzi. Watoto walikuwa 467, na vijana pamoja na watu wazima walikuwa 403. Wakati wa kulazwa, wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7, waliandikwa kuwa wana malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, malaria ilionekana kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, yaani asilimia 1.6.

Waliobaki walikuwa wanaumwa nini? Wengine walikuwa na bakteria, kifua kikuu au fangasi katika damu. Wagonjwa 55 walikuwa na chikungunya. Na miongoni mwa wale waliopimwa kikamilifu magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo, watu 118, walikutwa nayo: 40 walikuwa na leptospirosisi, 36 homa ya madoa inayoletwa na kupe, 24 homa ya Q, 16 brusela, na wawili homa ya jamii ya tifasi, ambayo si taifodi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Ndani yake mlikuwa na jambo moja linalostahili kusomwa polepole: katika orodha za magonjwa yaliyoshukiwa wakati wa kulazwa, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyeandikiwa ugonjwa wowote kati ya hayo ya bakteria kutoka kwa wanyama, wala chikungunya.

Hiyo si lawama kwa madaktari na wauguzi wa zamu wa wakati ule. Magonjwa hayo hayana dalili inayoyatenga waziwazi. Homa, maumivu ya kichwa, uchovu na viungo kuuma ni dalili za yote. Vipimo vya kuyathibitisha havikuwapo wodini, na vingi vilihitaji damu ichukuliwe mara mbili, siku ya kulazwa na tena wiki kadhaa baadaye. Daktari hutibu anachoweza kukishuku, na hushuku alichofundishwa na alichokwisha kukiona. Kwa sababu hiyo hasa, matokeo ya namna hii hayapaswi kuishia kwa wataalamu wachache. Yanabadilisha kile ambacho tabibu wa zahanati anapaswa kukiwaza kesho asubuhi.

Yanachosema kwa kaya ya kihambani

Old Moshi si mahali ambapo mifugo hukaa mbali na watu. Kihamba ni nyumba, migomba, kahawa na zizi kwa pamoja. Ng'ombe na mbuzi hufungwa na kulishwa majani yanayokatwa na kubebwa kichwani kutoka mbali, mara nyingi na wanawake. Samadi hurudi shambani kulisha migomba. Anayekamua, anayefagia zizi na anayemsaidia mbuzi kuzaa usiku wa mvua ni mtu wa nyumbani, na mara nyingi ni mama au mtoto. Panya hukaa ghalani. Maji ya mfongo hupita juu ya kihamba kimoja na kuingia kingine.

Sasa matokeo yale yakiwekwa kando ya maisha haya, yanaanza kuzungumza. Leptospirosisi hutoka katika mkojo wa panya na mifugo, na humwingia mtu kupitia mchubuko wa ngozi, macho au mdomo anapogusa maji au matope yaliyochafuliwa. Brusela hupitia maziwa yasiyochemshwa, damu mbichi, na majimaji ya mnyama anayezaa au aliyetupa mimba. Homa ya Q hupatikana hasa kwa kuvuta hewa yenye vumbi lililochanganyika na majimaji na kondo la mnyama aliyezaa. Homa ya madoa huja na kupe. Hakuna hata moja kati ya njia hizi ambayo mfugaji wa kihambani hawezi kuielewa akielezwa dakika kumi, na kinga nyingi hazigharimu fedha: kuchemsha maziwa, kuvaa mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hazipo, kuchimbia kondo badala ya kumtupia mbwa, kufunika mchubuko kabla ya kuingia matopeni, kunawa kwa sabuni, na kumwita afisa mifugo pale mimba za mifugo zinapotoka mara kwa mara.

Hapa mtafiti na mtoa elimu wanapaswa kuwa na adabu. Mama aliyejifungua huko mlimani hutunzwa kwa mtori, nyama na vyakula ambavyo maziwa na damu vina nafasi yake. Mila hiyo ina hekima ndani yake: inamrudishia nguvu mwanamke aliyepoteza damu na inailazimisha familia imhudumie. Elimu ya afya inayoanza kwa kuidharau itafukuzwa mlangoni, na itastahili. Elimu inayosema kwamba chakula kilekile kikipikwa hadi kichemke humlinda mama na mwanawe itakaribishwa na bibi wa nyumba, ambaye ndiye anayesimamia jiko la uzazi. Matokeo ya utafiti hayana haja ya kuvunja mila. Mara nyingi yanaomba tu moto uongezwe kidogo.

Kwa mtoa huduma, matokeo yaleyale yana maana nyingine. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na vipimo vya haraka sasa vinajulikana hadi ngazi ya zahanati. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini kipimo kikisema hapana, swali linalofuata ni lipi? Mgonjwa asipoulizwa swali jingine, huandikiwa dawa ya kubahatisha, na mara nyingi bakteria wa magonjwa haya hawaguswi na dawa hiyo. Doksisiklini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, ina nafasi katika kutibu mengi kati yao, ingawa si ya kila mgonjwa, na wajawazito na watoto wadogo huhitaji uamuzi wa daktari. Brusela haitibiki kwa dawa moja wala kwa siku saba. Huhitaji dawa zaidi ya moja kwa wiki sita au zaidi, na anayeikatisha tiba huweza kurudiwa na ugonjwa. Hakuna linalomruhusu mgonjwa kujinunulia dawa dukani. Lakini yote yanamtaka tabibu aulize: Unafuga? Kuna mnyama aliyezaa au kutupa mimba karibuni? Unakunywa maziwa bila kuchemsha? Umeumwa na kupe? Umefanya kazi kwenye maji au matope? Maswali matano, dakika mbili, na barua ya rufaa inayoeleza zaidi ya neno homa.

Ugonjwa usio na jina hauogopwi wala haukingwi

Mwaka 2022 Watanzania walipata somo kubwa juu ya lugha. Mwezi Julai, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, uchovu na kutokwa damu puani. Kulikuwa na wagonjwa 20 na vifo vitatu kabla ya Wizara ya Afya kutangaza kwamba ugonjwa ule ulikuwa leptospirosisi, nao ukaitwa kwa Kiswahili Homa ya Mgunda. Kwa siku chache jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu nchi nzima. Watu waliuliza unaletwa na mnyama gani, unaingiaje mwilini, na maji yapi ni salama.

Ugonjwa huohuo ulikuwa umekwisha kuthibitishwa katika damu za wagonjwa 40 wa Moshi waliolazwa miaka 14 kabla. Wataalamu walijua, na ndiyo maana waliweza kuutambua upesi ule wa Lindi. Wananchi ndio waliousikia kana kwamba umezaliwa jana. Tofauti kati ya makundi haya mawili haikuwa akili. Kundi moja lilikuwa na jina na maelezo katika lugha linayoisoma, na jingine halikuwa nayo.

Historia ya chikungunya inaongeza uchungu katika jambo hili. Neno hilo, linalotumika leo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Lilichukuliwa kusini mwa Tanganyika wakati wa mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Lugha ya wenyeji iliipa sayansi jina la ugonjwa. Sayansi ingeweza kuirudishia lugha hiyo na dada zake habari za ugonjwa wenyewe. Wagonjwa 55 wa Moshi walikuwa na ugonjwa wenye jina la Kiafrika, na huenda wengi wao walirudi nyumbani wakiamini waliumwa malaria.

Old Moshi na kumbukumbu ya kuchunguzwa

Mwito huu una uzito wa pekee Old Moshi kwa sababu ya historia yake. Watu wa eneo hili hawakuanza jana kuandikwa na kupimwa na wageni, na wanakumbuka.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alikaa Old Moshi miaka mingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Aliwasikiliza wazee kwa uvumilivu, akaandika sheria, mafundisho na desturi za Wachagga kwa kina ambacho wachache wamekifikia. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926, kwa Kijerumani. Wajukuu wa wazee waliomsimulia wakitaka kusoma kile babu zao walichokisema, ilibidi kwanza wajifunze lugha ya Munich. Nia yake haikuwa mbaya, na kazi yake ni hazina. Lakini hazina iliyofungwa kwa ufunguo ulioko ng'ambo haimlishi aliyeichimba. Kijerumani cha wakati ule na Kiingereza cha majarida ya leo vinafanana katika hilo.

Kabla ya Gutmann kulikuwa na jambo zito zaidi. Mangi Meli wa Moshi, aliyewashinda Wajerumani vitani mwaka 1892 kabla ya wao kurudi na nguvu kubwa zaidi mwaka uliofuata, alinyongwa nao tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Masimulizi ya Old Moshi yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Katika zama zile mafuvu ya watu kutoka Afrika Mashariki yalikusanywa kwa wingi na kuwekwa Berlin, yakipimwa kwa kile kilichoitwa sayansi. Kizazi baada ya kizazi familia ya Meli iliuliza, na jibu halikuja.

Mwaka 2023, taasisi inayosimamia makusanyo hayo mjini Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai nchini Tanzania. Moja lilikuwa la mtu wa karibu wa Mangi Meli, akida wake. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwake. Ukweli huo una pande mbili, nazo zote zinamhusu mtafiti wa leo. Sayansi iliyochukua bila kuuliza iliacha kidonda cha zaidi ya miaka mia moja. Na sayansi iliyoomba mate ya wajukuu, ikayapima, kisha ikarudi kusema imeona nini, ilianza kukitibu.

Hakuna anayemlinganisha daktari anayeomba damu kwa ridhaa na askari wa mwaka 1900. Lakini mzee wa Old Moshi anayeuliza, "Damu yangu inakwenda wapi?" hana ushamba. Anauliza swali ambalo historia ya kijiji chake imemfundisha. Jibu zuri kwake ni kuonyeshwa kilichorudi mara iliyopita.

Si Wachagga peke yao

Jamii zote za asili za kaskazini mwa Tanzania zina hoja hii. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi ni miongoni mwa watu waliochunguzwa sana duniani kwa idadi yao ndogo. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya bakteria wa matumboni mwa Wahadzabe 27, na magazeti ya nchi tajiri yakajaa ushauri kwa wasomaji wake juu ya chakula kinachofaa tumbo. Wafugaji wa Ngorongoro wamechunguzwa brusela katika hospitali ya Endulen, ambako aina inayobebwa na mbuzi na kondoo ndiyo iliyoonekana zaidi. Habari hiyo ni ya thamani kubwa kwa mama wa boma mwenye mbuzi wanaozaa, kuliko kwa msomaji yeyote aliye mbali.

Kwingineko duniani jamii za asili hazikungoja kuhurumiwa. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini walitangaza kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wakidai heshima, uaminifu, haki na kujali, na wakitaka watafiti watimize ahadi ya kurudi. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, katika toleo la mwaka 2013, lilieleza kwamba kila mshiriki wa utafiti apewe nafasi ya kuarifiwa matokeo yake ya jumla. Kanuni ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kupanda mlima na karatasi mkononi.

Inawezekana, kwa kuwa imekwisha kufanyika

Wapo watakaosema kwamba sayansi haitafsiriki. Kilimanjaro yenyewe inawajibu. Wilayani Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ukakadiria kwamba asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Watafiti waliona kwamba vipimo vya Ulaya vinamwonea mzee ambaye hakwenda shule: anayeshindwa kuchora saa kwenye karatasi huenda hajawahi kushika kalamu, wala hajapoteza akili. Kikatengenezwa kipimo kingine kinachomfaa, ambamo mzee hupanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Kipimo kilichozaliwa katika maisha ya watu wa mlimani kinaweza kutumiwa na muuguzi popote penye wazee wasiosoma.

Vilevile katika idara ya dharura ya KCMC, ambako wengi waliojeruhiwa huwa wamekunywa, watafiti waliandaa mazungumzo mafupi kati ya muuguzi na majeruhi, yakifuatiwa na ujumbe wa simu. Mpango huo ulipewa jina la Kiswahili tangu mwanzo: Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Haukuanza kwa kumhukumu mnywaji katika nchi ambayo mbege ni kinywaji cha posa, msiba na upatanisho. Uliomba kupunguza. Tafiti hizi mbili zinathibitisha kwamba maarifa yakiumbwa kwa lugha na mazingira ya watu hayapungui ubora. Huongezeka matumizi.

Pingamizi na majibu yake

Watafiti wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni fedha: mradi ukiisha, mfuko huisha. Jibu ni kwamba kurudisha matokeo kuwe mstari katika bajeti tangu siku ya kuomba fedha, kama mafuta ya gari yalivyo. Karatasi moja yenye kurasa mbili na safari moja ya mkutanoni hazizidi gharama ya kuhudhuria kongamano moja la ng'ambo.

Hoja ya pili ni tahadhari. Matokeo ya utafiti mmoja huweza kupingwa na mwingine, na habari nusu huleta hofu. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuyaeleza mapema kwa mdomo wa mtaalamu kabla hayajaelezwa vibaya na mwingine. Mwananchi anayeishi na mvua zisizotabirika anaweza kabisa kuelewa sentensi isemayo, "Hivi ndivyo ilivyoonekana hadi sasa."

Hoja ya tatu ni staha. Kijiji kikitajwa kwamba kina ugonjwa fulani, maziwa yake huenda yakakosa mnunuzi na vijana wake wakachekwa. Hatari hii ni ya kweli na humhitaji mtafiti akae na viongozi wa kijiji kwanza, akubaliane nao nini kisemwe hadharani na nini kisemwe kwa mhusika peke yake. Kunyamaza kabisa hakumlindi mwananchi. Kunamwacha mgonjwa na asiyejua.

Mambo manne yanayoweza kuanza mwaka huu

La kwanza ni la vyuo vikuu vya tiba. Kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayekusanya takwimu vijijini aandike, pamoja na tasnifu yake, muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, na tasnifu isipokewe bila ukurasa huo. Nakala ipelekwe katika zahanati na ofisi ya kijiji zilikotoka takwimu. Kwa miaka michache zahanati ya Old Moshi itakuwa na jalada la mambo yaliyogunduliwa juu ya watu wake, na mwanafunzi atakuwa amejifunza kwamba asiyeweza kueleza jambo kwa mama mwenye mbuzi huenda hajalielewa vema yeye mwenyewe.

La pili ni la kamati za maadili. Zimezoea kuuliza fomu ya ridhaa iko wapi. Ziulize pia matokeo yatarudi lini, kwa nani na kwa lugha gani, na zidai taarifa kwamba yamerudi kweli kabla ya kupitisha ombi jingine la mtafiti yuleyule.

La tatu ni la wilaya na watoa huduma. Njia zipo tayari: mkutano mkuu wa kijiji, matangazo baada ya ibada, vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya msingi vya kahawa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Mkutanoni Kiswahili kinatosha kwa wengi. Lakini bibi anayesimamia jiko na zizi huenda akaelewa zaidi neno likisemwa kwa Kimochi. Mhudumu wa kijijini ndiye mfasiri bora, akipewa maelezo sahihi. Na kwa kuwa magonjwa haya ni ya mifugo na watu, afisa mifugo na muuguzi wasimame mbele ya mkutano mmoja, badala ya kila mmoja kuitisha wake.

La nne ni la mgonjwa mwenyewe. Anayeombwa kushiriki utafiti ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuweka dole gumba: mnatafuta nini, majibu yangu mimi nitapewaje, na matokeo ya wote tutaambiwa lini na wapi? Kuuliza hivyo si ukaidi, wala hakumnyimi mtu matibabu. Na jibu likiwa zuri, ashiriki kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa bila watu 870 waliotoa damu zao Moshi, hata haya machache yasingejulikana.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kilimanjaro imepokea wageni wengi wa elimu, wa nje na wa ndani, na imewapa walichokiomba. Siku moja, mwanamke wa Old Moshi atafika zahanati na homa ya siku tano, kipimo cha malaria kikiwa hapana. Kabla tabibu hajauliza, atasema mwenyewe kwamba wiki tatu zilizopita alimzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, na kwamba alisikia mkutanoni kuwa jambo hilo ni la kutajwa. Siku hiyo malipo ya pili yatakuwa yamefika.